Damu ya Wanawake Thelathini na Sita

Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, baada ya sala ya adhuhuri, mke wangu Mwanabaraka alifariki kwa uzazi. Damu ilimtoka, na mwilini hakuwa na ya kutosha. Gari ya kumpeleka hospitali ilikuwa haijatoka hata hapa kijijini kwetu Msuka.

Miye sikusoma sana, lakini karatasi iliyobandikwa kituo cha afya niliisoma. Ilisema wastani wa kipimo cha wingi wa damu kwa wajawazito wa shehia yetu ni kumi na moja. Maana yake, damu inatosha. Basi vidonge vya kuongeza damu vikapelekwa kwengine. Wakubwa waliandika, wakaenda zao. Sisi tukazika.

Mwaka huu binti yangu Mardhiya akashika mimba. Viganja vyake vikawa vyeupe kama vya mama yake. Nikamwendea jirani yetu Bi Conchesta, muuguzi kutoka Bukoba. Nikampa majina ya wajawazito kumi wenye kizunguzungu. Nikamwambia awapime hao, tuwaumbue wakubwa.

Akanirudishia majina yangu.

"Mzee Ngwali, ukichagua wagonjwa watupu utapata nini? Hata mimi ningekuwa mkubwa ningekucheka."

Aliandika majina ya wajawazito wote wa shehia kwenye vikaratasi, akavitia ndooni. Tukatoa thelathini na sita bila kutazama. Jina la Mardhiya halikutoka. Nikataka kulichomeka.

"Mardhiya nitampima leo hii, kwa afya yake," akasema. "Kwenye hesabu haingii."

Alimkuta na nane nukta tisa. Akamwanzishia dawa siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuwapima wale wengine, alinieleza. Tuchukulie kwanza kwamba karatasi inasema kweli. Watu wakitolewa kwa kura, wastani wao unaweza kupanda au kushuka kidogo kwa bahati tu. Lakini kwa wanawake thelathini na sita, ni nadra sana ushuke chini ya kumi nukta sita. Ukishuka hapo, hatutasingizia bahati. Tutaikataa ile kumi na moja.

"Na usiposhuka?"

"Utanyamaza, mzee wangu. Huo mpaka nimeuandika; tia saini hapa kabla sijamtoboa mtu kidole."

Nikatia. Nilikuwa nimeweka hasira yangu yote juu ya nambari moja.

Alipima siku tatu. Wastani ukatoka kumi nukta mbili.

Tulipeleka hesabu wilayani, pamoja na karatasi yenye ule mpaka na saini yangu. Hawakuweza kusema tumechagua wagonjwa. Mwezi uliofuata vidonge vikafika, kila mjamzito akapewa. Mardhiya alijifungua salama.

Nilimwambia Bi Conchesta, sasa tumewakamata. Akatikisa kichwa. Hesabu imeikataa kumi na moja, alisema. Haikutaja nani kakosea.

Mkononi bado ninayo ile karatasi ya zamani, niliyoibandua kituoni. Nimewauliza sheha na wilaya, kila mmoja ananituma kwa mwenzake. Ile kumi na moja, walimpima nani?