Mwanamke wa Katikati ya Mistari

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata dada yangu Ndunge, tulipokuwa tukiishi pamoja mtaani Tassia, katika ploti ya nyumba za kupanga ambayo jirani wa jengo la ng'ambo akipiga chafya unamwambia pole bila kuinua sauti.

Ilikuwa Jumamosi mchana, nguo zimeanikwa kila balkoni. Ndunge alikuwa akisomea saikolojia chuo kikuu, na utafiti wake ulihusu jinsi macho yanavyoona. Alikuwa na programu ya kompyuta ya kutengeneza majaribio ya aina hiyo: unaipangia itakachoonyesha na kwa muda gani, kisha inasubiri mtu abonyeze kitufe. Jaribio lake lilikuwa rahisi hadi la kuchosha. Mistari myeusi inatokea kufumba na kufumbua, skrini inabaki ya kijivu, nawe unajibu kama iliinamia kushoto au kulia. Hakuweka picha nyingine yoyote. Mistari tu.

Kabla ya kuipeleka chuoni alimwita Wacera, rafiki yetu wa mlango wa pili, aijaribu. Tukafunga pazia. Wacera akaweka kidevu juu ya rundo la vitabu ili kichwa kisitikisike, akaanza kubonyeza huku akitafuna chingamu.

Ghafla akaacha kutafuna.

"Ndunge, huyu mama ni nani?"

"Mama gani?"

"Huyu wa kitambaa cheusi. Mbona ananiangalia vibaya hivi?"

Ndunge akacheka. Wacera akasukuma kiti nyuma, uso umempauka.

"Usinibebe ufala. Huyo mtu ananichukia."

Akatoka bila kuaga.

Mwanzia, dereva wa lori aliyeishi chini yetu, alidhani Wacera anatania. Akapanda kuja kujionea. Alibonyeza kwa utulivu kwa muda mrefu, kisha akanong'ona bila kuondoa macho kwenye skrini.

"Anachezesha midomo."

"Hakuna sauti humo, Baba Ndindi," dada yangu akamwambia.

"Najua. Nasoma midomo. Anataja jina la mtoto wangu."

Akashuka ngazi mbio. Hatukuwahi hata kufungua pazia kabla ya kumsikia mkewe akipiga nduru. Binti yao mdogo, Ndindi, alikuwa amelala baada ya kula. Sasa ameamka, lakini macho hayafunguki. Kope zilibana kana kwamba zimeshonwa.

Ngazi zikajaa watu, Wacera mbele yao. "Tokeni na hiyo mashine yenu ya uchawi!" Mtu akapiga mlango teke. Mwingine akasema tuchomwe humo humo ndani. Hao ndio watu tuliokuwa tukiombana nao chumvi.

Ndunge alisukuma komeo. Akafungua programu, akafuta mistari yote, akabakisha kijivu kitupu. Kisha akaweka kidevu chake juu ya vitabu.

"Usiangalie," nikamsihi.

"Mimi ndiye niliyemfungulia."

Mimi niliona kijivu tu. Yeye aliacha kupumua.

"Hayuko kwenye skrini," akanong'ona.

"Yuko wapi?"

"Amesimama katikati. Kati yangu na skrini."

Mlango ukapigwa tena. Ndunge hakupepesa.

"Mwache mtoto," akasema. "Mtoto hana kosa. Njoo kwangu."

Watu wa nje walinyamaza, wote kwa pamoja.

Kisha dada yangu akajishika macho. Akapiga yowe. Nikaifunga kompyuta kwa mikono miwili.

"Nimeifunga, Ndunge! Nimeifunga!"

"Bado yuko. Nimefumba macho na bado namwona."

Chini yetu, Ndindi akaanza kulia. Macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa akimtafuta mamake.

Hakuna aliyetushukuru. Kabla ya jioni vyombo vyetu vilikuwa vimerushwa barabarani, na Wacera akatutemea mate. Mwanzia alisimama langoni amembeba mtoto wake. Hakutema. Tulipopita, alimfunika Ndindi uso kwa kiganja.

Tulihamia mtaa wa Kariobangi. Ndunge aliacha masomo. Anaona vizuri, lakini hafumbi macho ila usingizi ukimlemea kabisa, na akiyafumba huomba radhi kwa mtu nisiyemwona.

Mwezi uliopita alianza kulalamika maumivu, nikampeleka kwa daktari wa macho. Daktari alipiga picha ya ndani ya jicho, akaitazama, akapiga nyingine. Akatuuliza kama Ndunge aliwahi kukwaruzwa. Tukasema hapana.

Akatugeuzia picha. Nyuma kabisa ya jicho, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, palikuwa na michirizi minne iliyopangana, kama ya kucha.

"Kinachonishangaza," daktari akasema, sauti ikishuka, "ni kwamba imeanzia ndani. Inakuja nje."