Mashahidi wa Chini ya Mawe

"Jirani, hao wadudu unawafuga au unawala?" mama wa nyumba ya pili alimuuliza mjane siku moja, alipomwona anarudi na ndoo, miguu imeroa.

"Nawahoji," alijibu.

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Hakujua kwamba ameambiwa kweli tupu.

Sasa ilikuwa saa tano na dakika kumi asubuhi. Kereng'ende, ndivyo idara ya siri ilivyomwita mjane yule, alikuwa amesimama kijitoni, maji magotini, bastola ya Beretta kiunoni chini ya koti.

Redio ya Motorola ikakoroma.

"Kereng'ende, lango la maji linafunguliwa saa sita kamili. Mji mzima utakunywa. Tupe jibu."

"Dakika tano."

Genge la wageni lilikuwa likiingiza mapipa ya sumu kwa magendo na kuyamwaga huko juu. Mumewe, mkaguzi wa kijito, ndiye wa kwanza kushuku.

Na wa kwanza kuzikwa.

Chupa za maabara zilisema maji ni safi. Lakini chupa husema ya leo tu; sumu ya juzi imeshakwenda zake. Mdudu haendi popote. Amelala hapo miezi, kila kinachopita kinampitia yeye. Wiki iliyopita, chini ya mawe, Kereng'ende alikuta minyoo wekundu peke yao, wale wasiojali uoza.

Leo akageuza jiwe.

Waashi!

Ndivyo marehemu alivyowaita vidudu wale wa maji safi, wanaojijengea nyumba kwa punje za mchanga. Sumu kidogo tu, wamekufa. Leo walikuwa tele. Mwingine angemshukuru Mungu akaenda zake.

Yeye akatoa lenzi.

Nyumba zao zilikuwa za mchanga mwekundu.

Mchanga wa kijito hiki ni mweusi kama masizi. Mwekundu uko kwenye chemchemi ya machimbo ng'ambo ya kilima, ambako hakuna mtu anayekanyaga tangu wageni wayakodi. Waashi hawa walikuwa wameletwa kwa ndoo asubuhi hii, kabla sumu haijawaua, ili maji yaonekane safi.

Lakini si hilo lililomkata maini. Kila jiwe lilikuwa limerudishwa mahali pake, taratibu, upande wenye utelezi wa ukoga juu. Majambazi hawana adabu hiyo. "Usiache nyumba ya mtu wazi," marehemu alikuwa akisema, na aliwafundisha watu wawili tu duniani.

Mkewe.

Na mdogo wake.

"Mama, toka majini."

Pande la mtu, mlinzi wa genge, bunduki mkononi, lilisimama ukingoni.

"Magoti yamechoka, mwanangu. Nishike mkono."

Mlinzi akainama. Hapo ndipo alipokosea. Ndoo ya tope ikamvaa usoni, jiwe likamalizia kisogoni. Kereng'ende akamfunga pingu kwenye mzizi, kisha akalirudisha jiwe.

Ukoga juu.

"Kituo. Maji ni sumu. Kikosi kiende machimboni. Lango lisifunguliwe."

"Wa langoni wanasikiliza neno la mkuu wa maabara tu."

"Najua. Ni shemeji yangu."

Saa sita kasoro dakika nne alisukuma mlango wa ofisi. Feni, muhuri, simu ya mezani. Shemeji alikuwa ndani ya koti jeupe lililopigwa pasi.

"Shemeji! Umeona waashi walivyorudi? Mungu mkubwa."

"Mkubwa kweli." Akamlaza mwashi mmoja aliyetoka naye kijitoni juu ya karatasi ya idhini ya kufungua lango. "Ila huyu amejenga machimboni. Huku kaletwa na nani?"



"Unanishuku mimi?"

"Mawe yamekutaja. Umeyalaza kama kaka yako alivyokufunza."

Uso ukamporomoka. "Walisema wataniua, shemeji."

"Kaka yako aliyaonja maji yale kwa sababu ulimwambia ni safi."

Ilibaki dakika moja. Kereng'ende hakugusa Beretta. Alimsogezea simu.

Shemeji aliinyanyua. "Lango lisifunguliwe. Ndiyo, mimi. Lisifunguliwe kabisa."

Motorola ikaitikia: "Kereng'ende, tuko machimboni. Mapipa mia mbili. Wageni saba, wote chini ya ulinzi."

Askari wawili wakaingia na pingu.

"Shemeji, sema neno, basi," alilia yule bwana. "Hata nitukane!"

Kereng'ende alimwokota mwashi kwa ncha ya kidole, akamtia kwenye chupa ya maji, akafunga kifuniko. Kwao kulikuwa ng'ambo ya kilima.

Akachukua ndoo yake, akatoka.