Mjukuu wa Kuombwa

Sketi ndiyo iliyomwambia kwanza. Fundi alikuwa ameishona mwenyewe, kwa cherehani yake ya kukanyaga, na sasa ilikataa kufunga. Kiuno hakikuwa kimenenepa. Ni upande wa kushoto tu, chini ya kitovu, ambapo kidole kikibonyeza kilikuta kitu kigumu cha mviringo, kisichouma.

Aliyefurahi ni mama mkwe. Aliishi nao tangu afiwe na mumewe, na miaka yote ya ndoa ile isiyo na mtoto hakuwahi kumsimanga mkwewe hata kwa mafumbo. Sasa kila alasiri akawa anakaa kigodani karibu na cherehani, anaupapasa uvimbe ule na kuuimbia.

"Mama, lakini siku zangu bado naziona," fundi alimwambia.

"Wapo wanaoziona. Mtoto wa kuombwa ana mambo yake."

Alasiri moja fundi akatoa mguu kwenye kanyagio ili akate uzi. Cherehani ikanyamaza, ila mlio haukunyamaza. Uliendelea kwa mwendo uleule, taka-taka-taka, chini ya kitovu chake, na chumba kikanuka udongo uliolowa, ilhali nje jua lilikuwa la kupasua mawe.

"Unasikia?" alinong'ona.

Mama mkwe akainama, akaweka sikio tumboni. "Anajifunza kazi ya mama yake."

Tangu hapo chakula kikamshinda. Matonge mawili tu, amevimbiwa. Na mkojo ukambana hata hajanywa maji. Mama mkwe akiimba kutoka upande wa kulia, kitu kile kilivuka chini ya kitovu polepole na kumfuata. Fundi akashindwa kuvumilia.

"Mama, ulimwomba nani?"

Bibi alitazama sakafu. "Nilimwomba Mungu mpaka nikachoka. Halafu nikaomba yeyote anayesikia."

Mume wa fundi, dereva wa lori, alikuwa safarini. Kwenye simu alisema neno moja tu: "Hospitali." Fundi akaenda peke yake.

Daktari alimpima mimba, hakuna. Akampaka jeli tumboni, akapitisha kifaa cha picha. "Dada, hapa hakuna mtoto. Ni uvimbe kwenye kifuko cha mayai, mkubwa kama embe. Tumbo likivimba hivi, ukashiba kabla hujala, mkojo ukakubana, hiyo si hali ya kungojea."

Fundi akalia, akimlilia mtoto ambaye hakuwahi kuwapo. Alipofuta machozi akauliza, "Uvimbe huu huwa unasogea ukiitwa?"

Daktari aliacha kuandika. "Ukiitwa na nani?"

Fundi akaifuta jeli tumboni. Akapasuliwa wiki ileile, uvimbe ukatolewa mzima, na vipimo vikaonyesha kwamba si saratani. Alirudi nyumbani akitembea kwa kujishika mshono, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuugua mwili wake ulikuwa kimya. Mama mkwe hakuwa amekwenda kumwona wodini hata mara moja. Alimpokea mlangoni bila salamu.

"Umemtoa."

"Ulikuwa ugonjwa, mama."

"Na sasa ataishi wapi?"

Bibi akajifungia chumbani mwake. Fundi alimwachia chakula mlangoni, sahani zikawa zinarudi na matonge mawili tu yamemegwa, na siku zilivyokwenda alianza kusikia ndoo ya haja ndogo ikiburutwa kila mara nyuma ya mlango ule, na sauti ya kizee ikimbembeleza mtu kwa minong'ono, na harufu ya udongo ikapenya chini ya mlango hadi sebuleni, mpaka mchana mmoja woga ukamzidi kuliko adabu, akausukuma mlango kwa bega na kumkuta mama mkwe amekaa kitandani, amekonda mikono na shingo, gauni limeinuliwa mbele na tumbo kubwa, lililojaa upande mmoja.

"Mama, twende hospitali. Twende sasa hivi, nakuomba."

"Sogea kwanza umwone."

Bibi akamshika mkono, akaulaza juu ya tumbo lake. Ngozi ilikuwa ya moto. Ndani, kitu kile kikatoka kilipokuwa kimejikunja, kikaja taratibu hadi chini ya kiganja cha fundi, kikajibana hapo.

"Umeona?" mama mkwe alisema kwa upole. "Hajakusahau. Anauliza lini utamrudisha kwako."