Taa za Pikapu na Senene wa Bibi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Sabina alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine wa Mkolani aliyekuwa nayo. Kazi yenyewe ilikuwa kumsomea mama yake gari.

Mama huyo, Specioza, ambaye watu wote walimwita Mama Sabina, alikuwa mfanyabiashara wa ndizi. Kwa miaka mingi alisafirisha mikungu yake kwa guta la magurudumu matatu, kutoka bandarini inakoshusha meli ya Bukoba hadi sokoni Mkuyuni. Mwaka huu alikuwa amenunua pikapu mpya kabisa, nyeupe, ya milango minne, yenye kioo cha dashibodi kikubwa kuliko televisheni ya kwanza ya nyumba ile. Kioo kilionyesha njia. Ukirudi nyuma, kilionyesha mpaka kuku aliyesimama nyuma. Tena kilionyesha jambo lililompendeza Mama Sabina kuliko yote, kwamba kwa lita moja ya dizeli gari limekwenda kilomita ngapi. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na kwa kuwa Sabina alikuwa darasa la sita na alikuwa ameshakimaliza kile kitabu kinene kilichokuja na gari, yeye ndiye alikuwa mkalimani. Namba yenyewe Mama angeweza kuisoma, lakini alipenda kusomewa.

"Linasemaje leo?"

"Kumi na mbili, Mama."

"Kumi na mbili," Mama alirudia, kama mtu anayetangaziwa matokeo ya mwanawe. Jua halijapanda vizuri, wauza ndizi wote wa Mkuyuni walikuwa wameshaambiwa.

Kuishi na gari lenye akili kunahitaji mazoea. Mwanzoni Mama alikataa viti kutolewa nailoni za kiwandani, maana kitu kipya lazima kionekane kipya, kwa hiyo kila aliyepanda alishuka na mgongo umelowa jasho huku kiyoyozi kinampuliza usoni. Siku moja mkungu uliwekwa kiti cha mbele, gari likaanza kulia likitaka abiria afunge mkanda. Ikabidi mkungu ufungwe mkanda, na watu wa Igogo waliotazama kwa mbali wakasema Mama Sabina amepata mgeni mnene. Naye Bibi Wilhelmina, mama yake Specioza, alipofika kutoka Muleba kutibiwa magoti, alipakiwa humo akauliza ni nani amesahau kufunga friji.

Dereva alikuwa Yeremia, Msukuma wa Igogo, mtu wa maneno machache. Alikuwa na Mama Sabina tangu enzi za kusukuma guta, na gari liliponunuliwa alipelekwa kusomea udereva ili aliendeshe. Kila jioni alilipaki uani likitazama ukuta wa mabati, akaning'iniza ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango, akaaga. Yeye ndiye aliyemfundisha Sabina kuliwasha likiwa limesimama: unakanyaga breki, unabonyeza kitufe. Sabina alihitaji kujua ili amwonyeshe Mama mambo ya kwenye kioo. Hakuruhusiwa kuliwasha akiwa peke yake, na alilijua hilo vizuri kabisa.

Novemba ikaja na mvua, na mvua ikamletea Bibi huzuni. Sasa hivi huko kwao, alisema, watu wanakula senene mpaka wanasaza, na yeye amekaa mjini anakula kabichi. Alilisema asubuhi, akalirudia mchana, na jioni akalisema tena kwa Kihaya ili liingie vizuri. Jioni hiyohiyo Yeremia alipopaki, taa za pikapu zikamulika mabati, Sabina akaona senene wawili watatu wakija kujipiga ukutani. Akawaokota. Bibi akawatoa mbawa na miguu, akawakaanga kwa kitunguu na chumvi, akatafuna polepole amefumba macho.

"Mjukuu wangu," alisema, "ungenipa nyumba nisingefurahi hivi."

Maneno kama hayo ni hatari kumwambia mtoto. Kesho yake Mama alikwenda usharikani kwenye mazoezi ya kwaya, kama alivyofanya karibu kila jioni Krismasi ilipokuwa inakaribia. Baba naye alikuwa kazini Geita, akija nyumbani mwisho wa mwezi tu. Sabina akauchukua ufunguo. Injini ikizimwa, taa za gari hilo hujizima zenyewe baada ya muda mfupi, hivyo akaiacha injini ikiunguruma. Na kwa kuwa ilikuwa inaunguruma hata hivyo, akawasha na kiyoyozi, akakaa ndani kwa raha zake mpaka mabati yakawa ya kijani kwa senene. Alijaza bakuli kubwa. Bibi, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka kidogo, alidhani ule mngurumo ni mashine ya kusaga ya jirani. Alipouliza senene wametoka wapi, Sabina akasema chini ya taa ya barabarani, pale dukani.

Ikawa ndiyo desturi. Mama akienda kwaya, gari linawashwa. Bibi akanenepa mashavu, akawa anawagawia na majirani huku akiwasifia taa ya barabarani ya Mkolani, kwamba hata Bukoba mjini hakuna inayovuta senene namna ile.

Kisha kioo kikaanza kusema mengine. Kumi na mbili ikawa kumi na moja, kumi na moja ikawa kumi. Asubuhi moja Sabina alikanyaga breki, akabonyeza, akatazama mara mbili.

"Linasemaje?"

"Tisa, Mama."

Mama hakuirudia. Alishuka akaufunga mlango taratibu, na ilikuwa heri angeubamiza. Sokoni walikuwa wanasubiri namba ya asubuhi, na ilimbidi aseme tisa. Mama Maige, muuza nyanya wa meza ya jirani, mwanamke asiyeacha jambo lipite, aliuliza kama gari la kumi na mbili limezeeka ghafla au limeanza ulevi. Wakacheka. Dereva mmoja akachangia kwamba gari jipya halinywi ovyo, labda anayelinywesha ana kidumu chake pembeni. Maneno hayo yalimwingia Mama Sabina kama mwiba. Hapohapo, mbele ya meza zote, alimwita Yeremia mwizi wa mafuta.

Sabina alikuta yamekwisha. Aliporudi kutoka shule alimkuta Yeremia amesimama mlangoni, ufunguo mkononi, hajautundika.

"Mama Sabina, mimi sijanyonya hata tone," alikuwa anasema. "Lakini siwezi kubishana na kioo. Kioo kimesoma kuliko mimi."

"Kama si wewe, ni nani? Gari linalala hapa, na hapa tupo mimi, mama yangu na mtoto."

Yeremia aliuweka ufunguo mezani, akamwona Sabina, akamwambia amsalimie Bibi. Sabina alijibu ndiyo, anko. Akaingia ndani kumpa Bibi salamu.

Nisiwafiche, wazo alilopata usiku ule lilionekana zuri sana. Angeacha kuwasha gari. Kioo kingerudi kumi na mbili, Mama angefurahi, akishafurahi angemrudisha Yeremia, na hakuna mtu angehitaji kusema chochote. Kesho yake akamwambia Bibi taa ya barabarani imeungua. Bibi alisikitika kama amefiwa.

Usukani akapewa Rwekaza, kijana wa binamu yake Mama, na kioo kikaanza kupona. Jumamosi hakukuwa na shule, hivyo Sabina alipanda nyuma ya Mama kwenda naye sokoni. Walipofika njia panda, Mama akageuka.

"Hebu nisomee. Leo linasemaje?"

"Kumi na mbili kasoro kidogo."

Mama akapiga makofi. "Umeona, Rwekaza? Mwizi ametoka, mafuta yamerudi. Nilikuwa na kamoyo kadogo kananiambia labda nimemwonea. Sasa kamenyamaza. Nikifika bandarini nawaambia wenye magari wote, asije akapata mwingine wa kumnyonya."

Hapo ndipo Sabina alipoona wazo lake lilivyokuwa. Kila siku aliyoacha gari lipumzike, alikuwa anaongeza ushahidi juu ya Yeremia. Ukimya wake haukuwa unamrudisha kazini, ulikuwa unamfungia milango ya mji mzima.

"Mama, naomba gari lisimame."

"Unataka kutapika? Usitapike kwenye viti vyangu."

"Sitapiki. Senene wa Bibi hawakutoka kwenye taa ya barabarani. Niliwakamata kwa taa za gari. Ukienda kwaya nilikuwa naliwasha, na nilikuwa naacha injini mpaka bakuli lijae. Mafuta niliyamaliza mimi."

Rwekaza aliegesha pembeni bila kuambiwa. Mama alitazama mbele mpaka kioo kikajizima kwa kukosa kazi. Kisha akauliza mara ngapi. Sabina akasema hakumbuki, karibu kila jioni. Akauliza kama kiyoyozi nacho kilikuwa kinawashwa. Sabina akasema ndiyo. Swali la tatu lilikuwa gumu zaidi.

"Na siku ile Yeremia amesimama mlangoni, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, Mama. Nilimsikia."

"Geuza gari, Rwekaza," Mama alisema. "Twende Igogo."

Yeremia alikuwa nyumbani kwake anaanika nguo za watoto kwenye kamba, maana mkewe, Kashindye, alikuwa ameanza kuuza vitumbua ili jiko liendelee kuwaka. Sabina alimwamkia, akaeleza yote tena. Yeremia alisikiliza mpaka mwisho huku ameshika gauni la mtoto linalochuruzika maji.

"Panzi," alisema hatimaye. "Nimeitwa mwizi kwa sababu ya panzi. Nyinyi Wahaya mtatuua."

Mama akaomba msamaha, akamwambia kazi yake ipo, apande gari sasa hivi. Yeremia alitikisa kichwa.

"Nimekusamehe, Mama Sabina, wewe na mtoto. Lakini hukuniitia mwizi hapa uani. Uliniitia Mkuyuni, mbele ya watu. Nikirudi kimyakimya watasema umemhurumia mwizi."

Mama alikuwa mwanamke mwenye jina sokoni, na kila mtu alijua asivyopenda kuchekwa. Alimtazama Sabina, akamtazama Yeremia, akasema haya, twende wote.

Mkuyuni ilikuwa imejaa. Mama Sabina alisimama penye meza yake ya ndizi, hakuketi, akaomba wenzake wamsikilize. Alisema Yeremia hakuiba mafuta, wala hajawahi. Akamshika Sabina begani. Sabina aliwatazama wale wanawake wote, ambao tangu utoto wake walikuwa wakimpa ndizi mbivu na parachichi, akatamani ardhi ya pale iwe laini azame. Lakini alisema. Alisema aliwasha gari bila ruhusa, alimdanganya bibi yake, na alimwona mtu anafukuzwa kwa kosa lake akakaa kimya.

Kicheko kilianza kwa Mama Maige, kwa sababu ya senene, kikazunguka meza zote. Mama Maige alitaka kujua kama gari hilo likiongezewa taa linaweza kuvuta na sato ziwani. Mama Sabina aliacha wacheke mpaka wachoke.

"Chekeni, tumestahili," alisema. "Kile kioo hakikudanganya. Kilisema mafuta yamepungua, na kweli yalikuwa yamepungua. Jina la mtu hakikutaja. Jina niliongeza mimi, bila kumuuliza hata mtoto wangu. Yeremia, ufunguo huu hapa."

Yeremia akaupokea mbele yao wote. Rwekaza ndiye aliyeonekana kufurahi zaidi, maana kazi ya kuamka alfajiri kupokea meli ilikuwa haijamkaa mwilini. Yule dereva wa kidumu alijifanya anakagua tairi lake.

Adhabu ya Sabina ilikuwepo, msidhani ilisahaulika. Mpaka Krismasi aliosha pikapu kila jioni, ndani na nje, na wala hakugusa kitufe. Yeremia ndiye aliyekuwa anamsomea Mama gari asubuhi, kwa Kiingereza cha kujikongoja.

Jioni ya Jumamosi ile Bibi Wilhelmina alielezwa habari nzima. Alisikiliza, akaenda jikoni, akarudi na kibakuli cha mwisho cha senene alichokuwa amekificha, akakiweka mbele ya Sabina.

"Kula, tuwamalize," alisema. "Unaona walivyo watamu? Ndiyo maana sikuuliza sana wametoka wapi. Nami nina makosa yangu. Lakini wewe nisikilize. Kuwasha gari lilikuwa kosa la jioni moja, lingeisha kwa kofi na machozi kidogo. Kunyamaza ndiko kulikolikuza, mpaka likambeba Yeremia na wanawe. Siku nyingine ukikosea, liseme likiwa bado dogo, maana dogo utalibeba peke yako."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mlete Yeremia kesho ale hapa. Nitampikia kitu cha miguu miwili, asije akatukimbia."