Aminieli Alizima Kioo Tu

"Tabi, unaniona vizuri?"

"Nakuona, mpenzi. Ila sauti inakatika. Sogea karibu na kipaza sauti."

Aminieli akasogea. Uso wake ukajaa ukutani, mkubwa kama wa mgombea ubunge, na walimu waliojazana kwenye chumba cha kompyuta cha shule moja binafsi pale Sekei wakapiga makofi.

Ilikuwa likizo ya Juni, mwaka 2008. Wenzao walishakwenda makwao kupumzika. Hawa walibaki kujifunza kufundisha kwa mtandao: kutunga maswali yanayojisahihisha yenyewe, kuweka masomo kwenye tovuti, na leo, kumwona mwalimu aliye mbali akifundisha kwa kamera.

Huyo aliye mbali, Aminieli, alikuwa mwalimu wa jiografia. Aliaga kwamba anakwenda semina Dar es Salaam. Aliyeshika kompyuta Sekei ni Tabitha, mwalimu wa baiolojia, mchumba wake. Jumamosi ile wazee wa Aminieli walikuwa wanakwenda Nkoaranga, nyumbani kwao Tabitha, kumposa rasmi.

Tovuti ya masomo waliiita "yetu". Yetu gani! Kila somo aliandika Tabitha, kila jani la mlimani alipiga picha Tabitha. Kazi ya Aminieli ilikuwa kusifia. Na Tabitha alivyopenda, sifa zilimtosha.

"Haya walimu, kwaherini," Aminieli akasema. "Tabi, Jumamosi!"

"Jumamosi, mpenzi!"

Twahira, mwalimu wa historia, binti wa Kaloleni asiyejua kufurahi kimyakimya, akapiga kigelegele.

Kule aliko, Aminieli akanyoosha kidole akazima kioo cha kompyuta. Kikawa cheusi, naye akaamini mashine imelala. Wengi tulikuwa hivyo enzi zile, kioo kikizimika tunaondoka zetu. Mashine yenyewe iko chini ya meza inanguruma, na kamera inatazama.

Mlango ukafunguliwa nyuma yake. Akaingia mwanamke mwenye mtoto mgongoni na kikombe mkononi.

"Baba Efraimu, umemaliza? Wateja wanangoja hiyo mashine."

"Nimemaliza, mke wangu. Leta chai."

Kule Sekei walimu wote wakaona na kusikia ukutani.

"Na wazee kweli wanakwenda kumposa?" mwanamke akauliza.

"Waende wakanywe, Pudensiana. Kuposa siyo kuoa. Nisipomposa ataacha kuandika masomo, na tovuti haijakamilika. Ina jina langu peke yangu. Nikipata kwa tovuti hiyo ile nafasi ya kusoma Uholanzi, tunaondoka wote watatu."

"Akijua je?"

"Atajulia wapi? Mimi niko Moshi kwenye duka lako la intaneti, yeye anajua niko Dar."

Akacheka. Ni kile kicheko alichokuwa anamchekea Tabitha, kilekile, hakubadilisha hata kidogo. Hapo ndipo Tabitha alipoumia kupita maelezo.

"Zima, shoga yangu," Twahira akamnong'oneza. "Zima, watu wanasikia."

"Usiguse."

Tabitha akavuta kipaza sauti.

"Aminieli."

Chai ikamwagika. Pudensiana akageuka huku na huku kutafuta sauti inatoka wapi.

"Ni mimi. Umezima kioo tu."

Jioni simu ya Tabitha ikaanza kulia. Hakupokea. Ujumbe ukaingia.

"Tabi nisamehe. Yule tulishaachana, nilikuwa namdanganya yeye. Wazee wameshajiandaa, usiniaibishe."

Twahira akasoma akasonya. "Mwanaume hana haya! Mwambie baba yako leo hii."

"Nikimwambia leo, safari itavunjwa kimyakimya, kisha Aminieli atangaze kwamba mimi ndiye niliyeringa. Hapana."

Akaandika neno moja: "Waje."

Aminieli akalipokea kama msamaha. Jumamosi akafika Nkoaranga ndani ya suti, amekaa nyuma ya wazee wake kwa adabu zote. Mbele alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Melkizedeki, na pombe ya ndizi. Maneno ya heshima yakasemwa, kata ya kunywea ikajazwa. Baba yake Tabitha akaishika, lakini hakunywa. Baba hanywi kabla binti hajaruhusu.

"Tabitha, mwanangu. Wageni wameleta pombe. Tuinywe?"

Tabitha akapiga goti mbele ya Mzee Melkizedeki.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Wote hawajambo huko?"

"Hawajambo kabisa."

"Na Efraimu?"

"Hajambo, ameanza hata kutemb..."

Mzee Melkizedeki akajiziba mdomo. Aminieli alikuwa ameinamisha kichwa.

"Efraimu ni nani?" baba akauliza.

"Ni mtoto wa Aminieli, baba. Mama yake yuko Moshi, anaitwa mke. Hawa wazee wote wanamjua. Nilimpenda sana huyu mtu. Lakini pombe hii usinywe."

Baba akaiweka kata chini, taratibu, isimwagike.

"Wageni," akasema, "bebeni kilicho chenu. Mlango mlioingilia mnaujua."

Walitoka bila kuagana. Aminieli akachelewa makusudi, akamsogelea Tabitha pembeni ya migomba. Tabitha alidhani ataomba radhi. Na jamani, kwa dakika ile, moyo mjinga ulikuwa bado unasubiri aombe.

"Tabi," akanong'ona, "tovuti tangu jana haifunguki vizuri. Wale wa Uholanzi wanaikagua Jumatatu. Kuna nini?"

Tabitha akamtazama mpaka mapenzi yakamwisha.

"Inafunguka," akasema. "Nimetoa masomo yangu yote. Jina lako nimekuachia."

Akaingia ndani, akalia kifuani kwa mama yake.