Uyoga Uliofungiwa Stoo

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, mshonaji alipita kwanza kwa uyoga wake. Ulikuwa shiitake, uyoga wa kahawia unaoota kwenye madonge ya vumbi la mbao. Madonge aliyapanga kwenye rafu, kibaraza cha nyuma. Mavuno ya kwanza yalijaza beseni. Mpishi wa hoteli aliununua wote, akasema atazidi kununua ukiwa mnono vile vile.

Mavuno ya pili hayakufunika hata kitako cha beseni.

Mawazo ya mshonaji yalikwenda moja kwa moja chumba cha wageni. Humo alikaa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kukaa kidogo akanogewa. Wifi aliamka kabla ya jogoo. Aliimba jikoni. Mtu anaimba nini asubuhi yote ile kama hajashiba?

"Wifi, jana ulikaanga nini?"

"Vitunguu."

"Vitunguu gani vinanukia vile?"

"Vya mkono wangu. Nikufundishe?"

Jibu la mtu mwenye lake jambo, mshonaji akajisemea. Siku hiyo hiyo akahamishia madonge stoo, chumba kisicho na dirisha, akatia kufuli. Ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na utepe wa kupimia. Aliingia peke yake, akanyunyiza maji, akafunga.

Uyoga ulipotoka tena, ulikuwa vijiti vitupu: shingo ndefu, kofia ndogo kama kifungo cha shati. Nao haba.

"Ana ufunguo wa pili," alimwambia mumewe. "Anachuma ule mnono, ananiachia huu mgonjwa."

"Dada yangu?"

"Kwani dada yako hana mikono?"

Wifi alikuwa sebuleni, akasikia kila neno. Aliingia chumbani, na mlio wa zipu ya begi ukasikika nyumba nzima.

Mshonaji akamwita Mama Mbegu, jirani anayeuza mbegu za uyoga, aje awe shahidi. Mama Mbegu aliingia stoo, akatoka upesi akijipepea.

"Humu mnaoka mikate? Hewa hakuna kabisa."

"Hewa baadaye, mama. Nitazamie mwizi kwanza."

Mama Mbegu akatoa donge moja, akaligeuza kwenye mwanga. "Uyoga ukichumwa huacha kovu, mwanangu. Makovu haya ni ya zamani, yamekwisha kuwa meusi. Kovu bichi liko wapi?"

Mshonaji akageuza donge moja baada ya jingine. Alitafuta kwa moyo wote, kama mtu aliyepoteza pete. Kovu bichi halikuwepo.

"Na mavuno ya pili?" akauliza, sauti imeshuka.

"Baada ya yale ya kwanza ulifanyaje?"

"Nilimwagia maji kila siku, yasikauke."

"Basi mwizi ni ndoo yako. Donge likishazaa huchoka. Liache bila maji wiki mbili tatu, mpaka ulisikie jepesi mkononi. Kisha lizamishe kwenye maji safi ya baridi usiku kucha. Liwekee jiwe, maana litaelea. Likitoka hapo linajua kazi imeanza."

"Na hizi shingo?"

"Uyoga nao unapumua. Ukiufungia, unarefuka kutafuta hewa na mwanga. Urudishe kibarazani, upepo upite, jua lisiuguse. Na uchume kabla ukingo wa kofia haujakunjuka."

Mshonaji akaenda kwenye mlango wa chumba cha wageni.

"Wifi."

"Subiri, zipu imekwama."

"Iache ikwame. Nimekuita mwizi, na hukuiba. Nimekukosea. Usiende."

"Na kaka yangu naye asikie hivyo hivyo?"

"Nitamwambia mbele yako."

Alimwambia. Madonge yakarudi kibarazani, yakapumzika, yakazamishwa. Wifi ndiye aliyeleta mawe.

Safari hii uyoga ulitoka mfupi na mnene, kofia pana, ukajaza beseni. Mpishi alipofika, wifi alishika mmoja uliokuwa mkubwa kuliko wote, akauficha nyuma ya mgongo.

"Huu hauuzwi," akasema. "Nimelaumiwa kwa kuula, na ladha yake siijui."

Mshonaji akaenda jikoni kuwasha jiko.