Kompyuta ya Gari la Mkunga

Taa nyekundu ya breki iliwaka kwenye dashibodi wakati waya wa betri ulikuwa bado umefunguliwa.

Fundi Waya, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa amelala chali chini ya dashibodi ya gari lake mwenyewe, miguu nje, spana namba kumi mdomoni. Ilikuwa saa nne asubuhi, uani kwake, jua limeshaanza kuchoma. Alikuwa ametoka kuibana kompyuta ya gari, kile kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu kinachoiamuru injini. Ya zamani iliingia maji ikaungua. Hii aliitoa kwenye gari jingine.

Akaitazama taa. Akatoka, akautazama waya wa betri ukining'inia hewani kama mkia wa panya. Akajiambia ni mabaki ya umeme tu. Lakini alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, na alijua mabaki ya umeme hayafanyi hivyo.

Aliporudi ndani taa ilikuwa imezimika. Akaunganisha betri, akawasha. Injini ikaitika mara moja.

"Imekubali?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni, mkono juu ya tumbo la miezi minane na nusu.

"Imekubali."

"Umeipata wapi?"

"Kwa watu wa vyuma chakavu."

Hakudanganya. Ila aliacha nusu ya maneno kooni, na nusu ile ilikuwa imekaa pale miezi mitatu.

Miezi mitatu nyuma, mkunga wa zahanati alimletea gari la aina hiyohiyo, taa ya breki inawaka. Fundi Waya aliinama, akaona mafuta ya breki yanavuja kwenye bomba la nyuma. Bomba lilitakiwa kuagizwa, na yeye alikuwa na magari mawili yanamsubiri, wenyewe wamesimama juu ya kichwa chake. Akamwambia mkunga akapumzike kivulini. Kisha akachomoa kibalbu cha taa ile, akaongeza mafuta kidogo, akapanga moyoni kwamba Jumamosi atamwita amalize kazi.

"Iko sawa, dada," alimwambia. "Nimeshaitengeneza. Nenda tu."

Mkunga alishukuru mno. Alhamisi, kwenye kona ya mteremko wa zahanati, gari lilikwenda moja kwa moja ukutani. Askari wakaandika mwendo kasi. Fundi Waya alikwenda mazishini, akasimama nyuma, na mume wa marehemu akamshika mkono akamwambia asante kwa kuja.

Gari lile liliishia kwa watu wa vyuma chakavu. Alipoambiwa kompyuta yake bado nzima, moyo ulimkataa. Lakini mke alikuwa karibu kujifungua, na chuma, alijisemea, ni chuma tu.

Siku ya pili gari likaanza kunuka dawa ya kusafishia wodi. Alifua vitambaa vya viti, akavianika, akaacha milango wazi kutwa. Harufu ikabaki, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine aliyoijua zaidi, ya mafuta ya breki. Akakagua breki zake mara tatu. Zilikuwa kavu kabisa.

Siku ya nne, mama mkwe, aliyekuja kumsaidia binti yake kujifungua, alimfuata alipokuwa akinawa.

"Baba," alisema taratibu, "hivi mgeni wako amekukosea nini hata humkaribishi ndani?"

"Mgeni gani, mama?"

"Yule aliyekaa garini tangu asubuhi. Mwanamke wa makamo, sare nyeupe. Nimempungia mkono, hakuitika." Alisita, akashusha sauti. "Ananawa mikono, baba. Anasugua tu, anasugua, na hapana maji."

Fundi Waya hakuthubutu kugeuka. Alisimama na sabuni yake ikikauka vidoleni, na aliposikia mlango wa gari ukifungwa polepole, kama anavyofunga mtu asiyetaka kuamsha mtoto, akaingia ndani bila kusuuza.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kungoja. Jioni hiyohiyo, kabla jua halijazama, alileta mganga: mwanamke mfupi mwenye miwani minene, ambaye alipoliona gari alisimama hatua kumi nalo na kuziba pua kwa upindo wa nguo.

"Umeweka nini humu?"

"Kompyuta, mama. Ya injini."

"Ilitoka wapi?"

Mke na mama mkwe walikuwa wamesimama palepale. "Kwa watu wa vyuma chakavu, sijui gari lipi," alisema Fundi Waya.

Mganga akafukiza ubani, akalizunguka gari akisoma maneno yake chini kwa chini. Alipofika mzunguko wa tatu, injini ikawaka. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Fundi Waya. Aliushika ukamchoma kwa ubaridi. Na injini haikunguruma kama injini. Ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka, kwa utulivu, kama mtu anayemfundisha mwenzake kuvuta pumzi.

Mganga akazima chetezo kwa kiganja chake. Alimvuta Fundi Waya pembeni.

"Umenidanganya."

"Mama, mimi..."

"Nyamaza. Jini hufuata damu, hilo tunalijua, na damu tungeiosha. Hili lako halili damu. Linakula uongo, na wewe sasa hivi umeliandalia meza." Akakusanya vitu vyake. "Siwezi kulitoa. Siku utakapoacha kulilisha, litatoka lenyewe. Na usilipande gari hilo."

Alikusudia kuichomoa kompyuta kesho yake. Alikuwa ameshalaza spana kando, ameshafungua skrubu za kifuniko, saa nane mchana, aliposikia mkewe akiita jina la mama yake. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka. Jirani mwenye gari yuko kazini, mwenye pikipiki hapokei simu, na mkewe ameshika fremu ya mlango, jasho linamtiririka.

"Twende," alisema mke akiuma meno. "Unangoja nini? Twende!"

Wakaingia. Mama mkwe akakaa nyuma, kichwa cha binti yake mapajani. Uchungu ulipokuja, injini ilipanda; ulipopoa, ikashuka. Mama mkwe alianza kusoma dua.

"Mume wangu," mke alinong'ona, "mbona gari linapumua na mimi?"

Walikuwa wamefika juu ya mteremko wa zahanati. Akagusa breki na pedali ikazama mpaka sakafuni bila kugoma, kama mguu unaotumbukia kwenye tope. Akaipiga tena na tena. Akashusha gia na gia ikakataa, akavuta breki ya mkono na waya wake ukaja mzima bila kushika chochote, na gari likazidi kukimbia, vibanda vikipita dirishani, watu wakiruka pembeni na ndoo zao, kona ikipanuka mbele na ukuta wake wenye kiraka kipya cha saruji mahali ambapo tofali zilibomoka, na harufu ya dawa ya wodi ikawajaa puani hata mama mkwe akaanza kukohoa, na hapo, kutoka ndani ya dashibodi, mahali ambapo hapakuwa na redio wala spika, sauti ya mwanamume ikasema kwa upole:

"Iko sawa, dada. Nimeshaitengeneza. Nenda tu."

Mkewe aliinua kichwa. "Hiyo ni sauti yako."

"Iko sawa, dada. Nenda tu."

"Unamwambia nani? Hiyo ni sauti yako, unamwambia nani?"

"Mkunga!" Fundi Waya alipiga kelele. "Nilimwambia mkunga! Breki zilikuwa zinavuja, niliona, nikachomoa taa, nikamwambia iko sawa! Hakukimbiza gari. Mimi ndiye niliyemuua!"

Pedali ikapanda chini ya mguu wake. Ngumu, nzima. Gari likaserereka, likageuka upande, likasimama hatua moja na ukuta. Injini ikazimika. Harufu ikaondoka kama vile mtu amefungua dirisha.

Watu wa pale walimbeba mkewe hadi zahanati, na mtoto wa kiume akazaliwa kabla ya alasiri kuisha. Fundi Waya alipoingia wodini, mkewe alikuwa ameugeukia ukuta, mtoto kifuani. Hakumpa ampakate.

"Yule mkunga ndiye aliyenishauri nisiogope," alisema. "Kliniki ya kwanza. Alinishika mkono. Kisha akafa, na wewe ukarudi nyumbani ukala." Akavuta shuka likamfunika mtoto. "Umeshamwambia mume wake?"

"Bado."

"Basi hapa umekuja kufanya nini?"

Akatoka. Aliichomoa kompyuta palepale barabarani gari lilipobaki, akaifunga kwenye shati lake, akatembea kwa miguu mpaka kwa mume wa mkunga, fundi cherehani aliyekuwa anashonea barazani. Fundi Waya hakukaa. Alikifungua kisanduku, akakiweka mbele yake. Alisema yote, kuanzia bomba linalovuja na kibalbu alichokichomoa hadi mteremkoni siku hiyo.

Cherehani ilikuwa imesimama zamani. Mwanamume yule alikitazama kile kisanduku bila kukigusa.

"Nimemkasirikia mke wangu miezi mitatu," alisema hatimaye. "Kila siku nikikaa hapa namuuliza, ulikuwa unakimbilia wapi? Una watoto, ulikuwa unakimbilia wapi?" Akapangusa macho kwa kipande cha kitambaa. "Sasa nikuulize jambo moja. Leo, pale mteremkoni, uliposema kweli. Breki zilichukua muda gani kurudi?"

Fundi Waya alikitazama kisanduku.

"Papo hapo."

"Papo hapo, kwa neno moja la kweli," alirudia yule mume, polepole, kama anayeipima nguo ya mtu asiyekuwepo. Kisha akageukia ndani, akawaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, waje barazani wasikie ukweli kuhusu mama yao.